Programu ya Kurekodi Muziki Nyumbani: Historia Fupi, na Kayamba Iliyopotea

"Kaka, ninunue programu gani ya kurekodi muziki?"

Swali hili lilinifikia mwezi uliopita kutoka kwa binti ya ami yangu anayesoma Kilifi. Ana miaka 17, anatunga nyimbo zake mwenyewe, ana laptopu ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4, na ameweka akiba ya shilingi 10,000. Mtu aliyesomea sayansi ya kompyuta angelijibu swali hili kwa dakika mbili: ungemtajia jina, ungemtumia kiungo, basi. Mimi lilinichukua siku nne. Babake ndiye aliyenionyesha kwa mara ya kwanza studio ni kitu gani, na kilichotokea katika studio ile bado kinanikera. Kwa hivyo leo, wapenzi wasomaji, tuiache kidogo misimbo ya kazini tuingie kwenye historia. Nivumilieni.

Tuanze mbali. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake waliondoka Unguja wakavuka bahari hadi Bombay, India, kurekodiwa na kampuni ya HMV. Hebu fikiria: ili sauti ya Mswahili iingie kwenye santuri, ilibidi mwenye sauti apande meli. Na akishafika, upande mmoja wa sahani ulibeba kama dakika tatu tu. Wimbo ambao harusini ungekwenda mpaka watu wachoke ulilazimika kukatwa utoshe kwenye sahani. Likumbuke hilo la chombo kuukata wimbo, maana nitalirudia.

Safari ikafupika baadaye. Miaka ya 1950 Nairobi ilikuwa na kiwanda chake cha santuri, na miaka ya 1960 Fadhili William akarekodi na Equator Sound huko huko. Lakini kwa mtu wa Malindi, Nairobi nayo ilikuwa Bombay nyingine: nauli, mahali pa kulala, na mwenye studio anayekutazama saa. Hata Them Mushrooms, bendi iliyoanzia Mombasa na kukulia kwenye mahoteli ya pwani, walihamia Nairobi mwaka 1987 na ndiko walikoweka studio yao.

Kilichotuletea studio karibu na nyumbani ni kaseti. Philips waliitoa mwaka 1963, na ilipoenea, mtu hakuhitaji tena kiwanda ili atoe nakala. Mombasa, maduka kama Mbwana Radio Service yakawa ndiyo studio, ndiyo kiwanda, na ndiyo kaunta ya kuuzia. Taarab inarekodiwa, kanda mama inawekwa kabatini, na nakala zinatolewa wateja wanapokuja. Wazee wengi wa huku hawakumjua Zuhura Swaleh au Juma Bhalo kwa santuri, waliwajua kwa kaseti. Mwaka 1979 kampuni ya TASCAM ikatoa Portastudio, mashine iliyogawa kaseti ya kawaida katika treki nne, yaani unarekodi ngoma, unarudisha nyuma, unaimba juu yake. Mmarekani Bruce Springsteen alirekodi albamu yake ya Nebraska, iliyotoka 1982, kwa mashine ya namna hiyo akiwa nyumbani. Sijawahi kuiona Portastudio Malindi kwa macho yangu, lakini kila programu ya kurekodi unayoifungua leo bado inaiga mpangilio wake: treki moja juu ya nyingine, na kitufe chekundu.

Halafu ikaja kompyuta. (Mwalimu wangu wa Kiswahili angependa niseme tarakilishi. Pole mwalimu.) Mwanzoni ilikuwa ya kupangia noti tu. Kanuni ya MIDI ilianza 1983, Atari ST ya 1985 ikaja na matundu ya MIDI, na mwaka 1989 Steinberg wa Hamburg wakaiandikia Cubase. Sauti yenyewe ilikuwa mzigo mzito mno kwa kompyuta za wakati huo. Piga hesabu nami: sauti ya ubora wa sidii huchukua sampuli 44,100 kila sekunde, kila sampuli biti 16. Hiyo ni karibu megabaiti 5 kwa dakika kwa treki moja. Mtu mwenye diski ya megabaiti 40 angejaza kila kitu kabla wimbo wa pili haujaisha. Ilibidi tungoje diski zikue na prosesa zipate nguvu, na ndiyo maana studio za chumbani hazikuchipuka sana mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990.

Hapo ndipo anapoingia Cool Edit. Kama ulikuwa karibu na vijana wa muziki wa pwani miaka ya 2000 lazima ulilisikia jina hilo. Liliandikwa na David Johnston, aliyeanzisha kampuni ya Syntrillium huko Arizona, Marekani. Toleo lake la majaribio la mwaka 1996 lilikuwa na masharti ya kuchekesha: kila ukilifungua unaulizwa uchague makundi mawili tu ya kazi utakayotumia. Ukichagua kuhifadhi na mwangwi, basi kuondoa kelele huna, mpaka ufunge uanze upya. Baadaye ikaja Cool Edit Pro yenye treki nyingi. Mei 2003 Adobe waliinunua kwa dola milioni 16.5 wakaipa jina Audition. Lakini huku kwetu watu waliendelea kusema Cool Edit kwa miaka mingi, kwa sababu nakala walizokuwa nazo zilikuwa za kabla ya Adobe, zilizovunjwa kufuli, zikitembea kwenye sidii zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

Hapa lazima tuambiane ukweli. Muziki wa vyumbani wa pwani ulijengwa juu ya programu za wizi. Nimeona msanii akilia kwamba nyimbo zake zinachomwa kwenye sidii na kuuzwa stendi, huku analia mbele ya skrini yenye programu ambayo naye hakuilipia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda wimbo na inalinda programu ya kompyuta, sheria moja hiyo hiyo. Sisemi haya ili nimhukumu mtu. Bei za Ulaya kwa kijana wa Malindi wakati ule zilikuwa mzaha, na hata angekuwa na pesa, angelipaje bila kadi ya benki, kwa intaneti ya kabla ya nyaya za baharini? Waya wa SEACOM ulizinduliwa Mombasa Julai 2009. Kabla ya hapo kupakua kitu cha megabaiti mia moja pale saiba kulikuwa ni kununua dakika kwa dakika na kuomba umeme usiende.

Ami alikuwa mmoja wa vijana hao. Chumba chake kilikuwa Maweni, Malindi: magodoro mawili ya sponji yamesimamishwa ukutani, blanketi mlangoni, kompyuta ya Pentium 4 iliyofunguliwa ubavu ili ipoe, mikisa ndogo, na maikrofoni mbili. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, kazi yangu ilikuwa kukaa nje nifukuze kunguru. Wakazi wa pwani mnawajua wale kunguru. Msanii akifika kwenye ubeti mzuri zaidi, ndipo nao wanapotua kwenye mabati.

Mwaka 2008 ami alimleta bibi yangu kutoka Ganda na kumrekodi nyimbo saba za kayamba. Kwa wasomaji wa bara: kayamba ni kile chombo bapa cha mabua chenye mbegu ndani, ukikitikisa kinatoa mvumo kama mvua juu ya makuti. Bibi alikuwa na nyimbo ambazo alizirithi kwa mamake, za Kigiriama, na watu wa umri wake waliozijua walikuwa wakipungua. Ami alirekodi treki nne kila wimbo: sauti ya bibi, kayamba, waitikiaji, na ngoma. Kazi ya siku mbili. Bibi alifariki 2014.

Mwaka juzi nilimwomba ami diski ile ya zamani. Siku hizi anauza vipuri vya pikipiki Mtwapa, na diski ilikuwa kwenye sanduku pamoja na plagi za Boxer. Nikaiunganisha, na faili saba zenye ncha ya .ses zipo zote! Moyo ukanidunda. Kisha nikakumbuka faili ya .ses ni kitu gani.

Si sauti, ni ramani. Inasema: kwenye treki ya kwanza weka faili fulani ya WAV, ianzie sekunde fulani, ipunguze kiasi fulani. WAV zenyewe huishi pembeni. Na WAV hazikuwapo. Ami anakumbuka vizuri: diski ilijaa, akafuta "zile faili kubwa" akabakisha zile ndogo akiamini ndizo wimbo. Programu haikuwa na kosa lolote, ilifanya kama ilivyoandikwa. Kosa ni letu, hatukuwahi kuambiwa wala kuuliza. Nimepiga hesabu mara nyingi kuliko inavyofaa: nyimbo 7, dakika 4 kila mmoja, treki 4, megabaiti 5 kwa dakika. Jumla megabaiti 560. Zingeenea kwenye sidii moja tupu.

Zimebaki nyimbo mbili za mp3, za kilobiti 64 kwa sekunde. Na hapo kuna msiba wa pili. Ukizisikiliza, bibi anasikika, lakini kayamba karibu haipo. Kuna kitu kinachotetema nyuma yake kama mtu anayepiga mswaki chini ya maji.

Kwa nini? Hili linawahusu wote wanaorekodi ngoma za kwetu, kwa hiyo nalieleza taratibu. Kile kitufe cha kuondoa kelele kilichokuwamo kwenye Cool Edit, na kilichomo mpaka leo kwenye Audacity na nyinginezo, hufanya kazi kwa kuonyeshwa sampuli. Unachagua sekunde moja mbili ambapo hakuna mtu anayeimba, unaiambia programu: hii ndiyo kelele. Inapima nguvu ya sampuli hiyo katika kila ngazi ya sauti, nene mpaka nyembamba, kisha inapita wimbo mzima ikipunguza kila kilicho chini ya kipimo hicho. Kwa feni inafaa sana. Lakini kayamba haina noti moja kama zumari. Sauti yake imetawanyika kwenye ngazi nyingi kwa pamoja, na mvumo wa feni ni hivyo hivyo. Ami alichukua sampuli ya kelele mwanzoni mwa wimbo, kabla bibi hajafungua mdomo. Ila bibi alikuwa na desturi ya kuitikisa kayamba polepole kwanza ili aupate mwendo. Basi programu ikafundishwa kwamba kayamba ndiyo kelele, na ikaiondoa kwa utiifu kabisa. Kilichosalia kikamaliziwa na mp3, ambayo kwa kilobiti 64 huanza kutupa zile sauti nyembamba za juu, makao yenyewe ya mbegu za kayamba.

Sahani ya HMV ilikata beti za Siti zitoshe dakika tatu. Sisi tulikata kayamba itoshe ukimya wa studio za Wazungu.

Sasa turudi kwa binti ya ami na shilingi zake 10,000. Nilimweleza kwamba wakati babake akihangaika na Cool Edit, tayari kulikuwa na njia mbili halali ambazo hazikumfikia.

Ya kwanza ni Audacity. Ilianza 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mikononi mwa Dominic Mazzoni na mwalimu wake Roger Dannenberg, na ikatolewa kwa umma Mei 2000 ikiwa programu huria. Maana yake si bure tu. Msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Mwaka 2021 ilichukuliwa na Muse Group, na Julai mwaka huo watu walipiga kelele sana kuhusu sera mpya ya faragha, mpaka maneno yake yakabidi yaandikwe upya. Kelele ile ilinifurahisha: kwa kuwa msimbo ni huria, watu walikuwa na uwezo wa kuuchukua na kuondoka nao, na wenye kampuni walilijua hilo. Mwaka huo huo ilibadili pia namna ya kuhifadhi. Zamani mradi wa Audacity ulikuwa faili moja pamoja na folda ya vipande vidogo vidogo, na watu wengi walipoteza kazi zao kwa kunakili faili wakaacha folda, ndugu wa msiba wetu. Toleo la 3.0 likaweka kila kitu ndani ya faili moja ya .aup3. Uamuzi mwema huo.

Ya pili ni Reaper, na mimi ni shabiki wake, sifichi. Aliyeianzisha ni Justin Frankel, yule yule aliyeandika Winamp! Aliiuza kampuni yake ya Nullsoft kwa AOL mwaka 1999, akaondoka huko 2004, akaanzisha Cockos, na Reaper ikaonekana kwa umma mwishoni mwa 2005. Ni ndogo mno, megabaiti chache tu, na laptopu ya RAM gigabaiti 4 inaibeba bila kulalamika. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, haijakatwa mkono wala mguu. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60, kama shilingi 7,800 hivi dola ikiwa shilingi 130. Lakini kinachonivutia kama mwandishi wa programu ni faili yake ya mradi, .rpp. Ifungue kwa Notepad: ni maandishi matupu. Unaona jina la kila treki, kila WAV iko wapi, inaanza sekunde ya ngapi. Hata Cockos wakifunga milango kesho, kijana mwenye Python na jioni moja anaweza kuusoma mradi huo.

Linganisha na .ses. Adobe walipoandika Audition upya mwaka 2011, toleo hilo jipya halikufungua .ses za zamani moja kwa moja. Ilibidi uwe na toleo la 3 lililorekebishwa ili uzigeuze kwanza. Na kampuni hufa au huchoka: Novemba 2017 Gibson walisimamisha kazi ya programu yao ya Cakewalk Sonar, wakati kuna wateja waliokuwa wamelipia masasisho ya maisha. BandLab waliiokoa Februari 2018, lakini hiyo ilikuwa bahati.

FL Studio je? Najua mtaniuliza. Ilizaliwa Ubelgiji, kampuni ya Image-Line, mwishoni mwa 1997 kwa jina FruityLoops, ikaitwa FL Studio tangu 2003. Kwa kutengeneza biti ni tamu, na ukiinunua masasisho ni bure maisha yako yote. Ila toleo la majaribio hukuruhusu kuhifadhi mradi lakini halikuruhusu kuufungua tena mpaka ununue. Kwa mwanafunzi mwenye akiba ndogo huo ni mtego wa kumrudisha kwenye sidii za babake.

Nilimwambia binti: anza na Audacity wiki mbili, ujifunze kusikia. Kisha chukua Reaper, tumia siku zako 60, na ukiona unaipenda lipa. Shilingi 2,000 zinazobaki hazinunui maikrofoni ya maana, kwa hivyo mimi ningemwazima yangu. Kuondoa kelele usiguse. Zima feni, vumilia joto. Na kila wimbo ukiisha, toa kila treki kama WAV nzima inayoanzia sifuri, weka mahali pawili. Alinisikiliza, kisha akauliza kama nyimbo zote saba za bibi zimekwisha kabisa.

Shangazi yetu mkubwa yuko Ganda. Kati ya zile saba anazikumbuka nne, ya tano anakumbuka kiitikio tu. Jumamosi iliyopita tulikwenda, binti na laptopu yake, mimi na maikrofoni mbili na magodoro ya kukodi. Ami alikuja kutoka Mtwapa na pikipiki. Hakugusa kompyuta, alikaa nje chini ya mwembe akirusha mawe kwa kunguru. Shangazi aliitikisa kayamba kwanza polepole, muda mrefu, kabla ya kuimba, na binti alinitazama kama anayeuliza akate. Nikatikisa kichwa. Tuna WAV 16. Mbili kati yake zina jogoo.